Wanne Wote Wako Ndani

Kwetu Kalemie mwaka mpya hauingii usiku. Unaingia asubuhi, pale mtoto wa kwanza anapogonga geti, ananyoosha mkono na kusema, "Bonana." Neno hilo ni salamu, ni jina la sikukuu, na pia ni kile anachokidai. Akikuuliza, "Bonana yangu iko wapi?" anataka bombo, yaani peremende, biskuti, andazi, au kipaja cha kuku ikiwa umejisahau na kuacha sufuria wazi. Watoto wanavaa nguo mpya, wanatoka kanisani, wanazunguka nyumba kwa nyumba hadi jua linapozama. Hakuna aliyealikwa na hakuna anayefukuzwa. Nilipokuwa mdogo nilizunguka nyumba zote za wafanyakazi wa reli, nikala mpaka nikashindwa kuinama, na hatari pekee iliyonijia ilitoka ndani ya tumbo langu mwenyewe.

Siku hizi tumeendelea. Tuna kuta.

Kwenye avenue yetu ukuta mrefu kuliko zote ni wa Papa Prezida. Si rais wa nchi, wala wa jimbo. Ni prezida wa kamati ya usalama ya avenue, aliyechaguliwa na watu watatu, yeye akiwa mmoja wao. Anafanya kazi bandarini, katika ofisi yenye mhuri, na mtu akishakaa karibu na mhuri miaka mingi huanza kuona kila kitu kinahitaji kugongwa. Ukuta wake ni wa simenti ya kiwanda cha Kabimba, na juu amepanda vipande vya chupa za bia ambazo alizimaliza yeye mwenyewe, kwa hiyo huwezi kusema hakujitolea. Geti ni la chuma. Katikati ya geti amekata kidirisha, ukubwa wake kama daftari la shule, ili aone mgeni kabla mgeni hajamwona.

Kamati ilizaliwa kwa sababu ya jogoo. Bonana ya mwaka uliotangulia, watoto wa vitongoji vingine walikuja kwa wingi na mifuko yao. Siku ile mtoto mmoja wa avenue yetu aliungua vidole na fataki, na mwingine aligongwa na pikipiki kwenye barabara kubwa, akakaa na mguu uliofungwa mbao mpaka mvua za masika zikaisha. Lakini pia alipotea jogoo wa Papa Prezida, aliyekuwa amefungwa mguu nyuma ya jikoni akingoja saa yake. Vidole vilipona, mguu ulipona, jogoo hakurudi. Basi mwezi wa kumi na mbili tuliitwa mkutanoni tuzungumzie usalama wa watoto na wa nyumba, na nilivyoona mimi, nyumba zilizungumza zaidi.

"Bonana si kuvunja nyumba za batu," Papa Prezida alifungua, akiwa amesimama ingawa viti vilikuwepo. "Mutoto asiingie tena mu lupango, mu kiwanja ya muntu. Asimame inje ya portai, anyooshe mukono, apewe, aende. Na bazazi bafunge milango."

Mama mmoja aliyekuwa karibu nami aliuliza, "Na fataki, Papa Prezida?"

"Tutaifikia."

Hatukuifikia. Tulifikia makufuli, tukafikia mbwa, tukakaa sana kwenye suala la kuku na namna ya kuwalaza ndani siku ya sikukuu. Mwanamume mmoja jirani yangu, mtu mpole asiyejua kukataa, alipewa filimbi na kazi ya kuongoza kundi la watoto wa avenue na kuwahesabu kila kona.

Ndipo Mama Prezida, mke wa Papa Prezida, akatoa wazo. Nakiri kwamba siku ile na mimi nililipigia makofi.

"Tushonee batoto bote ba avenue kikwembe kimoja," alisema. "Ukiona kile kikwembe, unajua: huyu njo wetu, umupe. Usipokiona, unafunga. Na mutoto akipotea, banamuona mbali."

Kikwembe ni kitambaa chetu cha maua, na kwetu familia kuvaa kikwembe kimoja siku ya sikukuu ni jambo la fahari. Kukipeleka mbali zaidi, avenue nzima ikawa familia moja, ilionekana kama akili kubwa. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kila siku nina watoto mbele yangu waliovaa sawa, nguo nyeupe na buluu, na najua sura moja moja, hata yule anayejificha nyuma ya mwenzake. Labda ndiyo maana nilinyoosha mkono.

"Ni wazo nzuri," nikasema. "Miye nitamutia wangu wa mwisho ruban nyekundu ku shingo, nimujue hata akiwa mbali."

Mama Prezida alinitazama kwa huruma. "Mama Mwalimu, unataka mutoto wako apite benzake? Kila muntu akitia yake, sasa kikwembe kimoja ni cha nini?"

Watu walicheka, nami nikaushusha mkono. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka sita. Utepe ule mwekundu ulikuwa tayari umenunuliwa, nao bado uko ndani ya kikopo cha sindano.

Kitambaa kilitoka Kigoma kwa boti, kama vitu vyetu vingi. Mama mfanyabiashara aliyekileta, mke wa mvuvi kutoka ufuko wa kaskazini, aliapa mbele ya Mungu na mbele ya Papa Prezida kwamba ni mzigo wa avenue yetu peke yake. Kilikuwa cha njano, kimejaa miavuli ya kijani. Miavuli ilimfurahisha sana Papa Prezida, akaeleza kwamba mwavuli ni alama ya ulinzi, kana kwamba mchoraji kule kiwandani alikuwa amemwandikia yeye. Fundi alishona wiki nzima. Wasichana gauni la mikono mifupi, wavulana shati, kipimo kikubwa, cha kati na kidogo, bila mchezo.

Asubuhi ya Bonana tuliingia kanisani kama shamba la alizeti. Nilijisikia vizuri, sitaki kudanganya. Wangu watatu walikuwa mstari mmoja mbele yangu: msichana mkubwa aliyekuwa na aibu ya kuvaa sawa na watoto, mvulana wa kati aliyekwisha kuchafua kola, na yule mdogo aliyekuwa akijigusa gauni kila mara kuhakikisha miavuli haijaondoka. Baba yao hakuwepo. Ni mtu wa reli, na treni yake ilikuwa imelala njiani huko upande wa Kabalo, kama ilivyo desturi yake kila sikukuu. Kwa hiyo macho ya nyumba yetu siku ile yalikuwa mawili tu, na yote mawili ni yangu.

Tulipotoka kanisani nikaona shamba la pili la alizeti likishuka kutoka juu, upande wa misheni. Miavuli ileile, ya kijani. Kisha la tatu likija kutoka njia ya stesheni. Yule mama wa kitambaa alikuwa amebakiza mizigo, na kwa kuwa avenue yetu ilikuwa imekisifu mji mzima, soko lilikimaliza kwa siku mbili. Wazazi tulitazamana. Papa Prezida alitazama juu kidogo ya vichwa vya watu, akasema kwamba inaonyesha wengine wanaiga mambo mazuri.

Kundi likaondoka na mwenye filimbi. Mimi nilibaki nyumbani na karai la maandazi, maana kila nyumba ilitakiwa kuwa na mtu mzima wa kulinda na wa kugawa. Nililinda. Watoto walipita getini kwangu mawimbi kwa mawimbi, njano tupu, na kila aliyekuwa na mwavuli mgongoni nilimpa andazi kwa sheria ya kamati. Sheria ile ilikuwa imekusudiwa kuwazuia watoto wa vitongoji vingine, na sasa ndiyo iliyowafungulia mlango. Mtoto pekee niliyemwona akirudishwa getini mwa jirani alikuwa wa avenue yetu. Alikuwa amemwagikiwa na fanta, akabadilishwa nguo.

Kwa Papa Prezida ugawaji ulikuwa wa namna yake. Kidirisha kinafunguka, mkono wa mtoto unaingia, mkono wa ndani unaweka nusu ya biskuti, kidirisha kinafungwa. Sijui nusu nyingine zilikwenda wapi. Mwanangu wa kati aliniambia baadaye kwamba walikuwa wakishindana nani atatia mkono mara nyingi zaidi bila kujulikana, na kwamba haikuwa kazi, maana ndani hawakuangalia kitu kingine zaidi ya mkono wa shati.

Kila kundi lilipopita kona, mwenye filimbi alihesabu. Nilimsikia akiwa upande wa pili wa barabara. Hesabu ilikuwa inazidi badala ya kupungua, na hilo lilimpa moyo. "Batoto bote beko," alinipigia kelele kwa furaha. "Banazidi hata." Akapuliza filimbi na kuendelea mbele, mchungaji anayeokota kondoo wa watu bila kujua.

Mchana wingu likatoka ziwani. Wingu la mwezi wa kwanza kwetu halibishi hodi. Unaliona juu ya maji, unageuka kutoa nguo kwenye kamba, nalo limeshafika. Papa Prezida na mkewe walikuwa wanatoka kwenda kwa wakwe, upande wa pili wa mto Lukuga. Watoto wao wanne walitakiwa kubaki ndani na bibi, mama yake Papa Prezida, mzee ambaye macho yake yamekwisha kuona ya kutosha na sasa yanapumzika. Mama Prezida alikuwa na nywele mpya. Alijifunika mfuko wa plastiki kichwani mpaka kwenye nyusi, akaingia katikati ya watoto waliokuwa wanakimbia kila upande, akaanza kukamata. Nilimwona kutoka kwenye baraza yangu. Alikamata shingo za nguo kwa nyuma, akasukuma ndani ya geti, na Papa Prezida, tayari juu ya pikipiki na injini inanguruma, akahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu. Ine. Bote beko ndani," akasema. "Funga."

Mkewe akalisukuma geti, naye akashuka, akatia kufuli kwa nje, akalivuta mara mbili kuona kama limeshika, akatia ufunguo mfukoni. Nakumbuka nilivyowaza: huyu mtu ana kero zake, lakini angalau watoto wake wako salama. Nikaingia ndani mvua ikapiga bati.

Ilipopungua nilirudi barazani. Mvulana wangu wa kati alikuwa ameketi ngazini, na kando yake mtoto mdogo wa gauni la njano amenipa mgongo, anamega andazi. Nilishusha pumzi. Msichana mkubwa alikuwa ndani akikausha miguu. Watatu. Nikarudi jikoni, nikaosha karai, nikachemsha maji ya chai, nikamenya hata kitunguu. Nilikuwa mtulivu kabisa, na utulivu ule ndio unaoniudhi hadi leo kuliko hofu iliyofuata.

Nilitoka na kikombe cha chai. "Kuja unywe, mwili upate moto," nikamwambia yule mdogo. Hakugeuka. Nikamshika bega nikamgeuza.

Alikuwa mtoto wa Papa Prezida. Wa mwisho wao, rika moja na wangu, kimo kimoja, kichwa kimesukwa mistari ileile na msusi yuleyule. Alinitazama, mdomo umejaa.

"Mudogo wako iko wapi?" nikamwuliza mwanangu.

"Si eko na ile papa wa filimbi?" akasema.

Mwenye filimbi nilimpata chini ya paa la duka, amezungukwa na njano. Nilimwuliza, naye akanyoosha mkono juu ya kundi lote. "Beko hapa, Mama Mwalimu. Bote." Nikaanza kuwageuza. Huyu si wangu. Huyu si wangu. Huyu simjui kabisa, wala hajui avenue yetu. Wengine walianza kulia. Mwenye filimbi alinifuata nyuma akihesabu kwa sauti, na kila namba aliyoitaja nilitamani kumtia ile filimbi mdomoni isitoke tena.

Nikashuka kwenye barabara ya chini. Wanaojua mji wetu wanajua kwamba barabara ile sasa ni ya kwenda nusu. Ziwa limepanda, limekula nyumba za mstari wa mbele, na maji yanakaa ndani ya vyumba ambavyo tulikuwa tunakunywa chai. Watoto wanapenda kucheza pale, kwenye kuta zinazotoka majini. Nilikuwa naogopa. Sina neno zuri zaidi la kuliweka hapo. Na kila nilipotupa macho niliona njano. Njano kwenye ukuta uliobomoka, njano karibu na mitumbwi, njano nyuma ya pikipiki inayopanda kilima. Kila njano ilinipa uhai na kuninyang'anya palepale. Niliwauliza watu kama wamemwona mtoto msichana, mdogo, amevaa kikwembe cha miavuli. Mtu mmoja alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, "Mama, tumeona elfu."

Kitu tulichokishona ili mtoto aonekane kutoka mbali ndicho kilichomfuta machoni petu.

Nilirudi nyumbani kwa sababu sikujua tena pa kwenda. Majirani walikuwa wamekusanyika barazani kwangu, kila mmoja na shauri lake, na wawili wakibishana kama kitambaa kingekuwa chekundu ingekuwa afadhali. Yule mtoto wa Papa Prezida alikuwa bado ngazini. Nilikuwa nimemsahau. Alinivuta sketi.

"Mama Mwalimu, miye nataka kwenda kwetu. Mama ananiacha."

"Mama yako alibaingiza bote," nikasema bila kumsikiliza. "Nilisikia na masikio yangu. Papa yako alihesabia bane."

Nikasimama palepale.

Watoto wao ni wanne. Wa nne alikuwa ameshika sketi yangu, ana mafuta ya maandazi yangu kwenye shavu. Na kule ndani, kwa sauti ya Papa Prezida mwenyewe, mbele ya avenue nzima, walikuwa wanne wote.

Nilimshika mkono nikakimbia naye. Niligonga lile geti la chuma kwa ngumi zote mbili mpaka likalia avenue nzima.

"Nani?" sauti ya bibi ikatoka ndani.

"Ni miye, Bibi, mwalimu. Mutoto wangu eko humo."

"Humu hamuna mutoto wa muntu," akasema. "Humu muko betu. Bane. Na ufunguo sina, mwanangu ameenda nao. Alisema nisifungulie muntu, hata kama ananiita kwa jina."

"Bibi, mumoja si wenu. Angalia."

"Miye naangalia na nini?" akasema. Kisha, polepole, "Kuna mumoja alikula samaki yote. Wetu hapendaka samaki. Nikasema, pengine Bonana imemufundisha."

Wangu anakula samaki mpaka kichwa. Niliita jina lake kwenye ufa wa geti. Nikasikia miguu midogo ikikimbia juu ya simenti, kisha kidirisha kikasukumwa kutoka ndani. Hakufika juu ya kutosha nione uso wake. Kilichotokeza ni mkono, umenyooshwa kama walivyofundishwa siku ile kunyoosha mkono, kiganja juu, kinanuka samaki.

Niliushika. Nilitia mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, kingo za chuma zikanichuna, sikujali. Mwenye filimbi alileta ngazi, akaitazama ile miche ya chupa juu ya ukuta, akairudisha ngazi chini. Mwingine alipendekeza tuvunje kufuli, akalipima kwa mkono, akasema kwa heshima kwamba ni kufuli zuri. Jirani mmoja alimpigia simu Papa Prezida na hakupokea, maana alikuwa kwa wakwe na muziki ulikuwa juu. Basi tulikaa hivyo, mimi nje na mwanangu ndani, tumeshikana kupitia tundu la biskuti, mpaka taa za kwanza zikawaka kwa wale wenye jenereta. Alikuwa akiniuliza mambo madogo madogo. Kama maandazi yamebaki. Kama baba amekuja na treni. Nilimjibu yote, na machozi yalikuwa yananitoka bila sauti kwa sababu sikutaka ayasikie mkononi mwangu.

Papa Prezida aliingia avenue kwa pikipiki, mkewe nyuma na mfuko wa plastiki bado kichwani ingawa mvua ilikwisha zamani. Aliona watu, akaona mkono wangu ndani ya geti lake. Alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

"Njo hii nilisema mu mukutano," akatangaza kwa watu wote. "Hata ba mama. Hata mwalimu. Mukono mu portai ya muntu."

"Fungua, Papa Prezida," nikasema. "Mutoto wangu eko humo."

"Mutoto wako anaingia je humo? Nilibahesabia miye mwenyewe. Bane. Bote ni bangu." Akawageukia watu. "Hii nyumba, bandugu, hata panya anaomba ruhusa."

Wengine walicheka kidogo, kile kicheko cha kumheshimu mwenye pikipiki. Nilikuwa na maneno mengi, na mengine hayafai kwa mwalimu. Nilivuta sketi yangu pembeni kwa mkono uliokuwa huru.

Mwanawe alitoka nyuma yangu, hajakauka bado, gauni la miavuli limemshika mwilini, andazi la mwisho limekuwa uji ndani ya ngumi.

"Papa," akasema. "Miye niko huku."

Mama Prezida alishusha ule mfuko kutoka kichwani, nywele mpya zikaanguka upande mmoja, na hakuzishika. Papa Prezida alitazama geti, akamtazama mtoto, akatazama geti tena. Niliona midomo yake ikisogea. Alikuwa anahesabu. Kisha akatoa ufunguo, akautia kwenye kufuli kichwa chini, akautoa, akautia vilevile tena. Nilikuwa nimengoja jioni nzima nimwone akiaibika. Nilipomwona nilijua kile kilichokuwa kinapita kifuani mwake, kwa sababu kilikuwa kimepita kwangu saa chache kabla, na sikufurahi kama nilivyojiahidi. Mwenye filimbi ndiye aliyechukua ufunguo na kufungua.

Watoto walitoka wote, wakubwa wake watatu mbele. Mkubwa wao, mvulana mwenye akili, alimwambia baba yake mbele ya watu, bila ubaya, "Papa, nilisema huyu si wetu. Ulisema ninyamaze, mvua inakuja." Hakuna aliyecheka hapo. Papa Prezida alikohoa, akatutangazia kwamba kamati itakaa upya, na kwamba kwa mwaka ujao kuna njia ya kuboresha, labda vikwembe viwili tofauti, kimoja kwa kila upande wa avenue. Kuna watu waliotikisa kichwa wakisema ni wazo zuri. Niliwaona kwa macho yangu, na bado tunasalimiana.

Nilimbeba wangu mgongoni ingawa miguu yake ilikuwa mizima. Nyumbani nikamwogesha kwa maji ya moto, nikalivua lile gauni, nikalitupa kwenye ndoo ya matambara. Jioni nzima nilikuwa nimejiandaa kumwuliza, na niliuliza vibaya, kwa sauti ya darasani, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

"Sasa wewe, banakukamata, banakuingiza mu nyumba ya batu, unanyamaza tu? Hauna mudomo?"

Alikuwa na povu la sabuni kwenye nyusi. Akalifuta ili anione vizuri.

"Nilisema, mama," akasema. "Nilibaambia miye si wa hapa. Yule mama akasema, ingia."